Mkono na Mtambo

Liko swali moja ambalo wapenda magari hugombana juu yake kwa ukali kuliko wengi wagombanavyo juu ya siasa. Swali lenyewe ni hili: mtu anunuaye gari la spoti, yaani gari jepesi, la kimo kifupi na nguvu nyingi, lililoundwa kwa ajili ya raha ya kuendesha, achague gia za mkono au gia za otomatiki? Siku hizi wengi hujibu kwamba swali limekwisha kufungwa: mtambo hubadili gia kwa haraka kuliko mkono, basi mkono na ustaafu. Mimi nasema kuwa jibu hilo limetolewa kwa pupa, na kosa lake halikomei katika magari. Nakuomba, msomaji, unisikilize hata mwisho, ijapokuwa huna gari, wala leseni, wala umri wa kupewa leseni. Neno nitakalolitetea ni hili: katika kazi, upe mtambo kila jambo ambalo mtambo hulitenda vema zaidi yako, lakini katika mchezo, usiupe mtambo sehemu ile ambayo ndiyo mchezo wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya gia na sababu yake. Injini ya petroli haina nguvu sawa katika kila mwendo. Ikizunguka polepole mno, hutetemeka na kuzimika; ikizunguka kwa kasi ya kupita kiasi, hujiumiza. Magurudumu, kwa upande wake, yatakiwa kuanza katika kusimama kabisa na kufikia mbio kali. Gia ndizo mpatanishi wa hali hizi mbili. Gia ya kwanza hulipa gari nguvu ya kuondoka na kupanda mlima; gia ya juu hulipa wepesi wa kwenda mbali bila ya kuichosha injini. Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, injini ikaachana na magurudumu. Huhamisha wenzo wa gia kwa mkono. Kisha huiachia klachi kwa upole, na vilivyoachana vikashikana tena. Dereva stadi anapoikaribia kona hufanya zaidi ya hayo. Hukanyaga breki kwa ncha ya mguu wa kulia, na papo hapo huligusa kanyagio la mafuta kwa ubavu wa mguu ule ule, ili injini iongeze mizunguko kidogo na gia ya chini iingie bila ya gari kushtuka. Viungo vinne na masikio mawili vyashiriki katika tendo moja la kufumba na kufumbua. Hakuna azaliwaye akilijua tendo hilo. Kila alijuaye amejifunza kwa kukosea.

Gia za otomatiki ziko za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ilianza kuuzwa kwa wingi na kampuni ya General Motors ya Marekani, iliyoitangaza mwaka 1939 kwa jina la Hydra-Matic. Humo nguvu za injini hupokewa na oili inayozunguka, na kanyagio la klachi halipo. Namna ya pili ina klachi mbili. Moja hushika gia za witiri, na nyingine gia za shufwa. Wakati gia ya tatu ikiwa kazini, gia ya nne imekwisha tayarishwa. Klachi moja ikiachia, ya pili hushika, wala nguvu hazikatiki kwa kiasi cha dereva kuhisi. Porsche ilijaribu ufundi huo katika magari ya mashindano katika miaka ya 1980, na Volkswagen ikauleta katika magari ya watu mwaka 2003. Ni ufundi wa ajabu, na aliyeubuni astahili heshima.

Basi sina ugomvi na mtambo huo, wala na mtu autumiaye mahali pake. Dereva wa Nairobi akaaye saa nzima katika msongamano, akikanyaga klachi mara mia ili asogee hatua mia, ana haki ya kuupumzisha mguu wake. Mwenye ulemavu wa mguu hupewa na otomatiki uhuru ambao hapo kale alinyimwa. Magari mengi ya mtumba yashushwayo bandarini Mombasa kutoka Japani ni ya otomatiki, nayo yanapeleka watoto shuleni, wagonjwa hospitalini na mboga sokoni. Kwa watu hawa wote gari ni chombo cha kufikia. Safari ni kazi, na kazi yafaa irahisishwe.

Lakini gari la spoti si chombo cha kufikia. Lina nafasi haba ya mizigo. Hukwaruza tumbo lake katika kila tuta. Aghalabu huwabeba watu wawili pale ambapo gari la thamani ndogo zaidi lingewabeba watano. Mtu ambaye haja yake ni kufika tu huwa amekosa akili akilinunua. Anunuaye gari la spoti kwa akili timamu hanunui kufika, hununua kuendesha. Neno spoti maana yake ni mchezo, na mchezo ni tendo linalotendwa kwa ajili ya tendo lenyewe. Sasa, ukilichukua tendo la kuendesha ukaligawa, ukatoa fungu lake lililo gumu na zuri zaidi ukaupa mtambo, umekiondoa kile ulicholipia. Umenunua nazi, ukala kifuu.

Wapinzani wa hoja hii huleta mbele yetu saa na kusema, "Tazama muda." Vema, tuutazame. Porsche ilipotoa gari lake la 911 GT3 mwaka 2017, ililiuza kwa giaboksi za namna zote mbili. Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, gari la klachi mbili lilitoka katika kusimama likafika kilomita 100 kwa saa kwa muda wa sekunde 3.4, gari la gia sita za mkono lilichukua sekunde 3.9. Mkono ulishindwa kwa nusu ya sekunde, wala sibishi. Hata katika mashindano makubwa ya dunia mkono ulikwisha shindwa zamani. Mwaka 1989 Ferrari iliingiza katika Formula One gari ambalo dereva wake alibadili gia kwa vibao vilivyokuwa nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akalishindia katika shindano lake la kwanza, huko Brazil. Miaka michache baadaye wenye timu nyingine walikuwa wakiufuata mfano huo.

Lakini mtu wa Formula One yuko kazini. Hulipwa kwa sekunde, na sekunde akiitupa ametupa ujira wake. Wewe utalipwa na nani? Sheria ya Kenya hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa katika barabara kuu, na mjini kilomita 50. Ukifika kilomita 100 kwa sekunde 3.4, umebakiwa na kilomita kumi tu kabla ya kuvunja sheria. Ile nusu ya sekunde uliyoichuma utaiweka wapi? Utaitumia kusubiri nyuma ya lori la saruji, kama atakavyosubiri mwenzio wa gia za mkono, ila yeye atasubiri akiwa na jambo la kufanya. Kasi ya mwisho ya gari lile ilipita kilomita 310 kwa saa, na karibu wote walionunua hawakuwahi kuifikia. Ustadi wa gia, kinyume chake, hupatikana katika kila kona, hata kwa mwendo wa kilomita 60. Mtu mwenye akili hulipia kitu atakachokitumia.

Tena, tangu lini mchezo ukapimwa kwa njia hii? Tarehe 12 Oktoba mwaka 2019, Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Bodaboda iliyochakaa ingeyamaliza masafa yale kwa muda mchache zaidi, tena ikiwa na abiria na gunia la viazi. Je, yuko Mkenya aliyesema siku ile kwamba Kipchoge amepoteza nguvu zake bure, kwa kuwa pikipiki zipo? Huko Lamu, vyombo vya tanga vinaposhindana, watu hujaa ufuoni kutazama jinsi nahodha anavyoipokea pepo na kuigeuza foromali. Injini ya mashua ingevishinda vyombo vyote vile kwa urahisi, lakini anayeifunga injini katika mashindano ya tanga hahesabiwi kuwa mshindi. Huhesabiwa kuwa hakuelewa alichoitiwa. Basi mtu asemaye kwamba gia za mkono hazina maana katika gari la spoti kwa sababu mtambo ni mwepesi zaidi, naye hakuelewa alichoitiwa.

Hoja ya pili ya wapinzani ni urahisi. Husema kuwa klachi inachosha, gari huzimika mlimani, na mwanafunzi hufedheheka mbele ya watu. Yote ni kweli. Lakini urahisi ni sifa ya kazi. Katika mchezo, ugumu uliopimwa vema ndiyo raha yenyewe. Tungeweza kulipanua lango la mpira likawa kubwa mara tatu, na mabao yakawa mengi. Hapana ambaye angekwenda kuyatazama. Tungeweza kumpa mchezaji wa bao mashine ya kumhesabia kete na kumwonyesha shimo la kuanzia. Angeshinda kila siku, na baada ya wiki moja angeuacha mchezo kwa kuchoka. Furaha ya mtu aliyeondoka mlimani kwa mara ya kwanza bila ya gari kurudi nyuma haitokani na mlima, bali hutokana na jana, siku ambayo gari lilimzimikia mara nne.

Wako wanaotaka kusimama katikati. Husema, "Otomatiki za siku hizi zina vibao katika usukani, dereva mwenyewe huchagua gia kwa kidole." Hao nawajibu kwa upole, maana wanakaribia kweli. Kuchagua ni nusu ya tendo. Nusu ya pili ni kutenda. Mwenye vibao hutoa amri, na mtambo hutenda. Akiamuru gia isiyofaa, mtambo hukataa au humsahihisha kimyakimya. Ni kama mtu amwagizaye mpishi pilau, kisha akajisifia upishi. Pilau huenda ikawa tamu sana, lakini mkono wake haunuki kitunguu.

Hoja ya tatu ndiyo inayotolewa kwa majivuno kuliko zote. Husemwa kwamba dunia inakwenda mbele, na apendaye gia za mkono anajaribu kuyazuia maji ya bahari kwa ufagio. Nami nauliza: je, dunia imekwenda kweli kwa njia iliyonyoka namna hiyo? Litazame gari la Marekani liitwalo Corvette. Lilipotoka mwaka 1953, magari 300 ya mwanzo yote yalikuwa ya otomatiki yenye gia mbili tu. Wapenda mbio walilidharau, na mwaka 1955 gia za mkono zikaanza kutiwa ndani yake. Zikakaa humo kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata, hata mwaka 2019, ulipoonyeshwa mtindo mpya wenye injini nyuma ya viti na klachi mbili, usio na gia za mkono kabisa, kwa kuwa waliozitaka walikuwa wamepungua. Basi otomatiki ilikuja, ikapishana na mkono, ikarudi. Huo si mto uendao baharini. Ni maji kujaa na kupwa.

Na maji yaliyopwa kwingine yalijaa tena. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3 kwa klachi mbili peke yake, ikidhani kwamba saa imemaliza ubishi. Wanunuzi walinung'unika. Mwaka 2016 kampuni ikatengeneza magari 991 ya namna iitwayo 911 R, yote ya gia za mkono, na yakagombewa mithili ya maji jangwani. Mwaka uliofuata gia za mkono zikarudishwa katika GT3. Toyota iliifufua Supra mwaka 2019 kwa otomatiki tu, na mwaka 2022 ikaongeza gia za mkono, kwa kuwa watu walizidai. Magari ya daraja la juu ya rali ya dunia, yaliyofika Naivasha katika Safari Rally ya mwaka 2022, yalikuwa yameondolewa vibao vya usukani na kurudishiwa wenzo wa kuvutwa kwa mkono. Nia ya watunga kanuni ilikuwa kupunguza gharama, wala wenzo ule si sawa na wa gari la barabarani. Lakini jambo lenyewe latosha kuonyesha kuwa maendeleo hayana amri isiyoweza kujadiliwa.

Ajabu kubwa kuliko zote imetokea katika magari ya umeme. Mota ya umeme haihitaji gia nyingi. Huvuta vema tangu mwanzo wa mwendo. Hata hivyo, mwaka 2023 Hyundai ilitoa gari la umeme liitwalo Ioniq 5 N, ambalo kwa kupenda kwa dereva hujifanya kuwa lina gia nane: hutoa sauti ya injini lisiyokuwa nayo, na hushtuka kidogo kama gari linalobadili gia. Fikiri, msomaji. Mafundi wamefaulu kuiondoa gia, kisha wametumia ufundi wao kuirudisha gia ya kubuni, kwa kuwa waliona dereva ana njaa ya jambo fulani. Njaa hiyo si ya kasi, maana kasi gari lile linayo tele. Ni njaa ya kushiriki. Nani atoaye picha ya chakula kwa mtu aliyeshiba?

Hapa mzee mmoja huenda akanikatiza kwa methali akisema, "Kazi mbaya si mchezo mwema." Naikubali methali, lakini na nieleze kwa nini nimechukua muda wako, ewe mwanafunzi, kwa ajili ya mchezo wa watu wenye fedha. Wewe umezaliwa katika zama ambazo mitambo inaweza kutenda karibu kila jambo kwa niaba yako. Iko inayokuonyesha njia, iko inayokokotoa hesabu, na sasa iko inayoandika insha kwa kuamriwa maneno mawili. Kila mmoja hukujia na hoja ile ile ya gia za otomatiki: "Mimi ni mwepesi zaidi, tena sikosei; ondoa mkono wako." Mara nyingi hoja hiyo ni ya haki. Karani wa duka na atumie kikokotoo, maana haja yake ni jumla iliyo sahihi. Lakini mwanafunzi aandikaye insha hana haja ya karatasi iliyojaa. Mwalimu wake anazo karatasi nyingi. Haja yake ni akili ambayo hukua katika kutafuta neno, kulikosa, na kulitafuta tena. Akiupa mtambo tendo hilo, atapata karatasi na kuikosa akili, kama vile tajiri apatavyo ile nusu ya sekunde na kukosa kuendesha. Swali la gia ni dogo, lakini linakufundisha kuuliza katika mambo makubwa: je, hapa ninalotafuta ni matokeo, au ni kutenda?

Ustadi tena una tabia moja ya kutisha: hauhifadhiwi kabatini. Hukaa katika mikono ya watu, na mikono isipopokezana hupotea. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976 kwa magari ya gia za mkono, katika tope na vumbi. Kizazi kile kilijua kwa sauti na kwa mtikisiko kama injini inaumia. Kizazi kijacho kitaweza kusoma habari hiyo vitabuni, lakini kitabu hakifundishi mguu wa kushoto.

Kabla ya kumaliza, lazima niwageukie watu wa upande wangu, kwa kuwa wako wanaotuaibisha. Hao ni wale wanaodhani kuwa kujua klachi ndiko kuwa mwanamume, na humcheka mwanamke, mzee au jirani aendeshaye otomatiki. Ni upuuzi. Gia za mkono hazimfanyi mtu kuwa bora, wala hazimfanyi kuwa salama. Mpumbavu mwenye klachi huua sawasawa na mpumbavu asiye nayo. Aliyechagua gia za mkono ili atazamwe ameupoteza mchezo kama yule aliyechagua otomatiki ili ajigambe kwa sekunde. Ustadi ni thawabu ya mwenye nao. Ukitafutiwa mashahidi, hugeuka kuwa maonyesho.

Basi ikiwa siku moja riziki yako itakuwa pana hata ukasimama mbele ya gari la spoti, na mwenye kuliuza akakuonyesha giaboksi mbili, usimwulize ni ipi iliyo nyepesi. Atakujibu kweli, na kweli hiyo haitakusaidia. Jiulize wewe mwenyewe umekuja kutafuta nini. Kama wataka kufika, nunua otomatiki, tena nunua gari la kawaida, na fedha zilizobaki mlipie mtoto wa ndugu yako karo. Kama wataka kuendesha, chagua lile lenye makanyagio matatu. Siku ya kwanza litazimika langoni, na watoto watacheka. Liwashe tena.